Naomba ushauri: mdogo wangu acheze nusu fainali na maumivu?

Wakuu, mdogo wangu ni beki wa kulia wa timu ya wanawake ya chuo kimoja Marekani. Wiki hii wana mtoano wa ubingwa wa konferensi yao, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja. Konferensi yenyewe ndogo, bingwa tu ndiye mwenye uhakika wa kuingia mashindano ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani), yale ya timu 64. Nusu fainali Alhamisi, fainali Jumapili. Sare ni dakika 20 za nyongeza, kisha penalti. Sasa msuli wa nyuma ya paja unamvuta, kushuka ngazi tu anashika ukuta. Kocha hajui, na mwenyewe hataki aambiwe, eti ni mwaka wake wa mwisho. Mliocheza huko, nimkomalie aende kwa daktari wa timu, au bandeji inatosha? Mama naye hajui, msinichome.