Maonyesho bila sura za watu, hapa Lubumbashi: tufanye namna gani?

Fundi wa Katuba: Niko fundi cherehani. Rafiki zangu, wapenzi wa jinsia moja na wengine waliobadili jinsia, wanataka chumba cha vitenge ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba): unaingia, unaketi mkekani, unasikia wakisimulia wapi wanajisikia salama. Vitambaa nimekwisha kata. Shida ni sauti. Mtaani kwetu mtu anajulikana hata kwa kikohozi.

Mpiga picha, Kamalondo: Waandike, asome mtu asiyekaa Lubumbashi. Picha usiweke hata moja, na mimi ndiyo kazi yangu! Mpiga picha Zanele Muholi alianza mwaka 2006 kupiga picha sura za wanawake wanaopenda wanawake Afrika Kusini, lakini kule katiba inawalinda. Kwetu Kongo sheria haikatazi mapenzi yenyewe, ila askari akitaka sababu ataipata.

Mama wa bonbon: Msanii Felix Gonzalez-Torres, 1991, Marekani: alirundika peremende kama kilo 79 kwa ajili ya mpenzi wake Ross, aliyekufa kwa UKIMWI. Kila mgeni anachukua moja, rundo linapungua, linajazwa tena. Hakuna sura hapo. Mimi nauza kwa jumla, tutaelewana bei.

Fundi wa Katuba: Aksanti mama. Na mlango?

Mpiga picha, Kamalondo: Miwili. Wa pili utokee kwa jirani mnayemwamini, na aambiwe mapema, si siku hiyohiyo. Simu zibaki nje kwenye kikapu.