Naomba ushauri: nataka kuongeza maporomoko kwenye bwawa la kuogelea, vigae vinaanza Jumatatu

MamaWageni
Wakuu habari za jioni. Nina kinyumba cha wageni huku Kigamboni, vyumba nane. Bwawa lina miaka kumi na moja, mita 10 kwa 5, kina kinaanzia mita 1 kinaishia 1.8. Vigae vilianza kubanduka, nikaamua kuvivua vyote. Sasa kwa kuwa nishaingia gharama, nimetamani niongeze na maporomoko: ukuta mdogo upande wa kina kirefu, maji yadondoke kama pazia la sentimita 90, kutoka juu kama mita moja na nusu. Fundi anasema ni kazi ndogo, ataunga bomba kwenye pampu iliyopo (HP 1), ukuta ataupandisha kwa tofali juu ya ukingo. Mawe ya matumbawe ya kubandika nimeshayaona, mazuri kweli. Kuna la kuangalia kabla ya Jumatatu? Natanguliza shukrani.

Mwana_Ferry
Ngoja wajuzi waje. Mimi bwawa nalijua la samaki tu.

KokiNaBomba
Dada, fundi wako anakupunja bila kujua. Piga hesabu: bwawa lako ni lita 70,000 hivi. Ili maji yote yapite kwenye chujio kwa saa nane, pampu isukume karibu lita 146 kwa dakika. Pazia la sentimita 90 lisilokatika katikati nalo linataka lita 120 hadi 150 kwa dakika. Pampu moja ya HP 1 haifanyi zote mbili. Utafungua maporomoko, chujio litapata mabaki, na mwisho wa wiki maji ni kijani.
Weka pampu ya pili, ya maporomoko peke yake. Unaiwasha jioni wageni wakiwepo, kwa muda wa saa nne tu, Luku yako haitalia sana. Bomba liwe la inchi 2, siyo moja na nusu, na uweke vali ya kuzuia maji kurudi. Na lijazwe maji kwa presha, likeshe usiku kucha, KABLA ya zege na vigae. Mimi nimeshabomoa vigae vya wiki mbili kutafuta kiungio kimoja kilichosahauliwa gundi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale, hasemi neno.

Bi_Upepo
Mita moja na nusu huku pwani? Kusi likianza maji yatakuwa kwenye viti vya wageni. Sisi tuliteremsha hadi sentimita 50 na bado siku za upepo tunazima.

Mpenda_Mawe
Matumbawe ni mazuri kwa macho, lakini ni chokaa. Yananyonya maji, yanaota ukijani, na asidi ya bwawa inayala taratibu. Halafu maji yakidondoka yanapoteza hewa ya kaboni, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inapanda, kwa hiyo asidi utatia mara nyingi kuliko sasa. Na kama unajazia maji ya kisima cha chumvi, mdomo wa maporomoko utaota ukoko mweupe. Bandika kigae kigumu, matumbawe weka kwenye ukuta wa baa.

KokiNaBomba
Nimesahau kubwa. Pampu ya pili itavuta maji wapi? Akikwambia anatoboa tundu moja ukutani, kataa. Ziwe sehemu mbili za kuvutia, zipishane zaidi ya sentimita 90, zenye vifuniko vya usalama, ili mmoja akiziba moja pampu ivute nyingine. Marekani mwaka 2002 mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mvuto wa maji kwenye bwawa dogo la maji moto akafa. Sheria yao ya 2007 ya mabwawa ina jina lake. Wewe una watoto wa wageni.

MzeeWaZege
Mnaongea mapambo, mimi nauliza: bwawa sasa hivi ni tupu?

MamaWageni
Ndiyo mzee, siku ya tisa leo. Kwani?

MzeeWaZege
Kigamboni, masika hayako mbali. Mpe kijana jembe, achimbe shimo kando ya bwawa leo hii, uone maji yako futi ngapi. Bwawa tupu kwenye ardhi yenye maji ni kama chombo cha baharini: maji ya chini yanalisukuma juu, linaweza kuinuka au kupasuka sakafu.
Na ukuta usijengwe juu ya vigae wala juu ya lipu ya zamani. Wachimbe hadi zege la ukingo, watoboe, wapande nondo kwa gundi yake, kisha ndipo tofali. Vinginevyo ufa utatokea pale pale vinapokutana.

MamaWageni
Jamani. Kachimba nyuma ya chumba cha mashine, futi nne tu maji haya hapa, yana chumvi. Sakafu ya kule kwenye kina iko chini zaidi ya hapo!

MzeeWaZege
Usikimbie. Ongeza kina cha shimo, weka pampu ya matope, ivute mchana na usiku mpaka mmalize. Angalia mdomo wa maji wa chini ya bwawa kama una vali ya kupunguza presha ya maji ya ardhini na haijaziba. Grauti (saruji ya kati ya vigae) ikishakauka vizuri, jaza, usisubiri uzinduzi.

MamaWageni
Pampu ya shimo inavuta tangu saa kumi. Vigae nimevisogeza hadi Alhamisi, fundi amenuna. Pazia nimepunguza: upana sentimita 60, kimo 50, pampu yake, sehemu mbili za kuvutia. Fundi wa umeme ataleta kikata umeme cha miliampia 30 (kinachozima umeme ukivuja) na waya wa ardhi. Matumbawe nimelipa nusu, nitayapeleka baa.

Mwana_Ferry
Samahani wakuu, la samaki nalo linaweza kuinuka? Langu lina maji futi mbili tu saa hizi.

MzeeWaZege
Turubai au zege?