Tupeane uzoefu: madoa ya zulia, na kwa nini yanarudi

#1
Wadau, tukusanye hapa mbinu za madoa ya zulia. Tafadhali tuweke na vipimo, maana "tia sabuni kidogo" haimsaidii mtu.

Naanza na kero kubwa kuliko zote: doa linatoka leo, zulia likikauka linaonekana tena. Sababu ni mbili. Kwanza, kilichomwagika kilizama hadi mgongoni mwa zulia. Ukisafisha juu tu, kilichobaki chini hupanda na unyevu na kujikusanya kwenye ncha za nyuzi. Pili, sabuni isiyosuuzwa hunata na kushika vumbi, kwa hiyo baada ya muda panakuwa peusi palepale.

Chukua kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Chovya kitambaa cheupe, kamua, kisha gandamiza ukitoka ukingoni mwa doa kwenda katikati. Usisugue. Nyuzi zilizosokotwa hufumuka, na hata doa likitoka panabaki pamechakaa. Rudia kwa maji matupu mara 2 au 3, mpaka kitambaa kisitoe povu. Halafu kunja taulo nyeupe kavu, ilaze juu ya pale, weka mfuko wa plastiki na juu yake kitu kizito, acha hadi asubuhi. Uchafu unaopanda utaishia kwenye taulo.

#2
Nyongeza muhimu: jua kwanza zulia ni la nini. Chomoa uzi mmoja ukingoni, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika vidoleni. Nailoni na polipropilini (nyuzi za viwandani, aina ya plastiki) huyeyuka na kuganda kama kidonge kigumu.

Hii si kazi ya kupoteza muda. Dawa ya klorini huyeyusha sufu kabisa. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuvunja protini nazo huila polepole, kwa sababu sufu yenyewe ni protini. Na kwa zulia la aina yoyote, jaribu dawa kwenye kona iliyofichika: lowesha, gandamiza kitambaa cheupe kwa dakika 1. Kikishika rangi, acha dawa hiyo.

#3
Damu: maji baridi tu. Maji ya moto huigandisha ndani ya nyuzi na hapo umeshaharibu. Ikibaki alama, na zulia ni jeupe la nyuzi za viwandani, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, matone machache, kisha suuza. Kwenye zulia la rangi itakuachia baka jeupe.

Mkojo wa mtoto au wa paka una jambo lake. Ukikaa, bakteria huuvunja na kutoa amonia, ndiyo ile harufu kali. Kwa hiyo usisafishie dawa yenye amonia, paka atarudi palepale akidhani ni mahali pake. Ukiwa bado mbichi, nyonya kwa taulo ukisimama juu yake, kisha siki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, kisha maji matupu. Ukiwa mkavu wa siku nyingi, ni dawa ya vimeng'enya (si kwa sufu), na lazima ifike kina kilekile mkojo ulikofika. Kunyunyizia juu juu hakusaidii.

#4
Wino wa kalamu: spiriti, lakini iwe kwenye kitambaa, usiimwage kwenye zulia. Ikifika chini hulegeza gundi inayoshika mgongo, na zulia linaanza kuvimba na kubanduka.

Chingamu na nta ya mshumaa: barafu kwenye mfuko mpaka zikakamae, kisha zivunje kwa kijiko butu. Wengi hupiga nta pasi juu ya karatasi. Kwa sufu inafaa, pasi ikiwa ya joto dogo. Kwa polipropilini naomba msithubutu, inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi.

Tope: liache likauke kabisa, kisha lifagie na kulifyonza. Ukiligusa bichi unalipaka.

#5
Kuhusu kuchanganya siki na bikaboneti ya soda: lile povu ni hewa ya kaboni tu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi. Kila kimoja kimemaliza nguvu ya mwenzake. Bikaboneti itumieni peke yake kwa mafuta: ipake kavu, iache saa kadhaa inyonye, ifyonze, ndipo sabuni. Na klorini isikutane na siki wala amonia, inatoa gesi ya sumu.

#6
Kwa anayefua zulia zima: toa vumbi lote kwanza, kwa kulipigapiga upande wa nyuma au kwa mashine ya kufyonza. Vumbi likilowa ni tope, na suuza yako haitaisha. Baada ya kusuuza, sukuma maji kwa mpira wa kukaushia sakafu kufuata ulalo wa manyoya. Lianike kwenye bomba au ukuta, mgongo ukitazama jua ili rangi isipauke, na lisikunjwe likiwa bichi. Likipita saa 48 na unyevu, ukungu huanza mgongoni, ambako huuoni.

Siku za kawaida, njia ya mlangoni ifyonzwe mara 2 kwa wiki, polepole, kwenda na kurudi. Mchanga unaobaki chini hukata nyuzi kila mtu anapokanyaga.