Tupeane uzoefu: Majilio katika shule ya msingi ya Kikatoliki wakati mwaka wa shule unafungwa

Mwanzisha mada (katekista wa shule)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nimefundisha dini katika shule ya msingi ya Kikatoliki kwa muda mrefu, na kila Novemba inapoelekea ukingoni nakutana na jambo lilelile: shule inafunga mwaka wakati Kanisa linafungua wake. Dominika ya kwanza ya Majilio, yaani kipindi cha Dominika nne za kungojea Noeli, ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, na kuanzia siku hiyo tunaingia mwaka mpya wa liturujia pamoja na Injili yake, yaani Mathayo kwa mwaka A, Marko kwa mwaka B na Luka kwa mwaka C. Shuleni, wakati huohuo, mitihani inasahihishwa, ripoti zinaandikwa, vitabu vinarudishwa maktaba na darasa la mwisho linaagwa. Kwa kuwa shule hufungwa kabla ya tarehe 25 Desemba, kila mmoja anatamani Noeli isherehekewe mapema, tukiwa bado pamoja, na matokeo yake ni kwamba Majilio yanamezwa kabisa. Mtoto anakwenda likizo akiwa ameshaimba nyimbo zote za Noeli, ameshamwona Mtoto Yesu pangoni na ameshapokea zawadi, kisha siku nyingi zinabaki mbele yake bila kitu cha kungojea. Mimi naamini kwamba kungojea ndiko hasa tunakopaswa kumfundisha katika kipindi hiki, na kwamba hakuna somo gumu zaidi kwa mtoto wa miaka minane.

Kwetu sisi, tegemeo kubwa lilikuwa shada la Majilio, lenye mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Kwa kuwa siku ya Dominika watoto wako parokiani na familia zao, tulikubaliana kuwasha mshumaa Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa mstarini, kabla ya tangazo lolote. Anayewasha ni mtoto wa darasa la kwanza, na anayemshika mkono ni mmoja wa wale wanaokaribia kuhitimu. Swali lililotusumbua lilikuwa la mshumaa wa nne, kwa sababu shule hufungwa kabla ya Dominika ya nne kufika. Walimu wengine walipendekeza tuiwashe yote siku ya kufunga ili watoto waone shada limekamilika. Baada ya mazungumzo marefu tuliamua usiwashwe. Siku ile mshumaa wa nne ulisimama mbele ya shule nzima ukiwa na utambi wake mweupe, haujaguswa na moto, na kila mtoto akapewa karatasi yenye sala fupi na Injili ya Dominika ya nne, ili jioni ya Dominika hiyo familia iwashe mshumaa wowote ulioko nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, nasi tuliona ni haki mshumaa wa mwisho uwe wao. Mama mmoja alinieleza baadaye kwamba mwanawe hakukubali taa ya sebuleni iwashwe mpaka Injili imesomwa yote.

Naomba tupeane uzoefu. Iwe kwenu mwaka wa masomo unaisha Desemba au ni muhula tu unaofungwa, mlifanya nini ili jumuiya ya shule iyaishi Majilio yenyewe?

Mwalimu wa madarasa ya chini

Milele amina, katekista. Kwetu tulianzia kwenye pango. Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa Noeli kule Greccio, palikuwa na hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa papo hapo juu ya hori. Papa Fransisko naye alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake juu ya maana ya pango. Nikitafakari habari hiyo huona kwamba hori tupu si pango lisilokamilika, nalo linawafaa sana watoto wadogo.

Basi wiki ya kwanza darasani kwangu huwekwa hori tupu, bila sanamu hata moja. Kila siku, kabla ya kwenda nyumbani, mtoto aliyetenda jambo jema huweka unyasi mmoja ndani yake, ili Mtoto Yesu atakapokuja apate pa kulala. Masharti ni mawili: hakuna anayesema alitenda nini, na mwalimu hahesabu. Sharti la pili nalishikilia sana, kwa sababu mara mwalimu anapoanza kuhesabu, watoto nao huanza kushindana, na wema unageuka kuwa alama za mtihani. Yosefu na Maria huanzia dirishani, mbali na pango, na kila asubuhi husogezwa kidogo kuelekea horini. Mamajusi wao hubaki upande wa pili wa darasa, juu ya kabati, wala hawafiki kabla shule haijafungwa.

Nitasimulia tukio moja tu. Mvulana mmoja, mtundu kweli, aliweka unyasi wake, kisha akarudi na wa pili. Nilipomwuliza, alisema huu ni wa mwenzake ambaye ni mgonjwa na hakuja shuleni, kwa kuwa angekuwapo naye angetenda jema, na si haki nafasi yake ipotee. Nimefundisha juu ya ushirika wa watakatifu, yaani umoja wa waamini wote katika mema ya kiroho, kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuueleza vizuri kuliko mtoto yule.

Mzazi Mlutheri

Naomba niongeze jambo dogo kuhusu shada, kwa kuwa lina historia inayowahusu watoto moja kwa moja. Mwaka 1839, mchungaji wetu Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Dominika, ili watoto waone kwa macho siku zilizobaki kabla ya Noeli. Kutoka kwa Walutheri desturi hiyo ilienea hadi kwa Wakatoliki. Binti yangu anasoma katika shule ya Kikatoliki, na mwalimu wake wa dini alilieleza jambo hilo wazi mbele ya darasa zima. Nilifurahi sana kuona mtoto wangu anatambua kwamba anachokiona shuleni na anachokiona usharikani kwetu ni kitu kimoja.

Mwalimu wa kwaya ya shule

Katika kazi yangu, vuta nikuvute ya Majilio huwa kwenye nyimbo. Wakati wa Majilio wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Dominika. Aleluya hubaki, tofauti na Kwaresima, kwa maana hiki ni kipindi cha matumaini, lakini Utukufu hunyamaza, kwa kuwa ndio wimbo wa malaika usiku wa Bethlehemu, na tunautunza ili usiku huo usikike upya. Watoto hulielewa jambo hili haraka kuliko watu wazima. Ukiwaambia kwamba malaika bado hawajafika, wanakubali na kutulia.

Ugumu huja kwa wazazi. Katika shule niliyofundisha zamani, hafla ya kufunga mwaka ilikuwa lazima ijae nyimbo za Noeli, na nilipopanga nyimbo za Majilio, wengine walisema programu imepooza na kwamba watoto hawatapata nafasi nyingine ya kuimba pamoja. Hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli na siidharau hata kidogo. Tulichofanya ni kugawa kazi: hafla ya shule ilibaki na nyimbo za Majilio, zilizofundishwa kwa uangalifu na kuimbwa kwa sauti mbili, wakati nyimbo za Noeli tulizifanyia mazoezi kwa ajili ya Misa ya mkesha parokiani, ambako watoto waliokuwa karibu walikuja kuimba pamoja na familia zao. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto, uliotolewa na Vatikani mwaka 1973, unahimiza watoto wapewe kazi za kweli katika ibada, kama kuimba, kupiga ala, kusoma masomo na kuleta vipaji, nami nimeona kwamba mtoto mwenye kazi ya kweli hadai onyesho.

Na msisahau Dominika ya tatu, Dominika ya furaha, padre anapovaa mavazi ya rangi ya waridi. Ratiba ikituruhusu, Misa ya shule huwekwa katika wiki inayofuata Dominika hiyo, ili furaha ya kufunga shule iwe na mahali pake halali ndani ya Majilio yenyewe, bila kuiba chochote cha Noeli.

Mama Mwislamu mwenye mtoto katika shule ya Kikatoliki

Salamu kwenu nyote. Nilisita kuandika, lakini naona mazungumzo haya ni ya heshima. Mwanangu alipokuwa darasa la nne, mwalimu mkuu aliniita kabla mazoezi ya igizo hayajaanza, akaniuliza ni sehemu ipi ambayo mimi na baba yake tungeridhika mtoto aishike. Hakuniuliza mbele ya watu, wala hakuniuliza siku ya igizo yenyewe, mambo yakiwa yameshapangwa. Tulimwambia kwamba Bibi Maryamu tunamheshimu sana, na kwamba katika Kurani sura ya 19 inaitwa kwa jina lake, lakini tungependa mtoto wetu asishiriki maigizo ya ibada. Alipewa kazi ya kukaribisha wageni na kuwaonyesha wazee pa kukaa, naye aliifanya kwa fahari kubwa. Kama mnataka jumuiya ya shule iwe moja mwishoni mwa mwaka, basi waulizeni wazazi mapema. Hilo tu.

Mtawa, mwalimu mkuu mstaafu

Wapendwa, nimesoma yote kwa furaha, na mama aliyeandika hapo juu namshukuru kwa namna ya pekee, kwani amesema jambo ambalo wakuu wengi wa shule hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Mimi nitazungumzia matoleo. Shule zetu nyingi hukusanya vitu kwa ajili ya wahitaji wakati wa Majilio, na jambo hili lina mizizi mirefu: Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka ndogo. Wazo lenyewe ni zuri. Tatizo ni namna ya kugawa. Katika shule moja niliyowahi kuitembelea, watoto waliosaidiwa waliitwa kwa majina mbele ya wenzao, wakapokea vifurushi huku wazazi wakipiga makofi na picha. Nilimwona binti mmoja akipokea kifurushi chake bila kuinua macho, kisha akakificha chini ya sweta, na aliporudi kwenye mstari alisimama mwishoni kabisa. Alikuwa na haki ya kusaidiwa bila kulipa gharama hiyo.

Shuleni kwetu tuliweka utaratibu mwingine. Kila mtoto, bila ubaguzi, alileta kitu, hata kama ni kadi aliyoichora mwenyewe, kwa sababu hatukutaka mtoto yeyote ajue shuleni kwetu kwamba yeye ni wa kupokea tu. Vitu vyote viliingia katika sanduku moja. Kisha walimu wachache waliozijua familia walipeleka misaada majumbani jioni, wakiwa hawajavaa nguo zenye nembo ya shule. Tarehe 8 Desemba, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, sanduku lilipelekwa altareni pamoja na mkate na divai. Wazazi waliokuwa wanapokea walisimama katika Misa ileile wakiwa watoaji pia, na hakuna aliyeweza kumtambua yeyote.

Nakiri kwamba si kila mfadhili alifurahi. Baadhi yao hutaka kuona uso wa anayesaidiwa, na mmoja aliacha kutuchangia. Nilimwacha aende zake kwa amani.

Mwanafunzi wa zamani

Shikamoo Sista, na shikamooni wakubwa wote. Ninachokumbuka mimi ni siku ya kitubio, wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mapadre walikaa chini ya miti, mbalimbali, na sisi tulipanga mistari. Kabla hatujaenda kuungama, mwalimu wa darasa alituacha na nafasi ya kwenda kumwomba radhi yeyote tuliyemkosea mwaka ule. Uwanja mzima ulijaa watoto wakitafutana. Wengine walikwenda kwa mpishi, wengine kwa mlinzi wa geti, na mwalimu wetu wa hisabati, aliyekuwa mkali sana, alimfuata mwenzangu mmoja akamwomba msamaha yeye mwenyewe kwa adhabu asiyostahili. Sikuwahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo kabla ya siku ile, na mpaka leo ninapoingia katika Majilio huanzia hapo.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule

Sista, naomba kuuliza, maana nataka kulipeleka jambo hili kwenye kikao chetu. Sanduku liliwekwa wapi, ili watoto wasianze kulinganisha nani ameleta kikubwa na nani ameleta kidogo? Na je, wale ambao hawakuwa na chochote kabisa mliwajuaje?

Mtawa, mwalimu mkuu mstaafu

Liliwekwa ndani ya kikanisa cha shule, si darasani, na lilikuwa na mfuniko. Kila darasa lilipewa siku yake ya kuingia kusali, na mtoto aliweka kitu chake wakati wa kuingia au wakati wa kutoka, apendavyo. Karibu na sanduku tuliweka meza yenye karatasi na kalamu za rangi, zikiwa wazi kwa wote, kwa hiyo aliyekuja mikono mitupu aliketi akachora kadi, na kwa kuwa hata wenye vingi walipenda kuchora, meza ile haikuwahi kuonekana ni ya maskini. Hatukuhitaji kuwajua. Waambieni wajumbe waanze na meza hiyo.