Nimelipia injini ifanywe upya, nimerudishiwa rangi na moshi

Nduzangu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nisubiri. Nimesubiri tangu kabla ya Ramadhani.

Gari ni Corolla DX, KE70 ya 1982, ameniachia marehemu baba. Injini yake, 4K ya cc 1290, ilikuwa imechoka, nikanunua injini ya 5K iliyotoka kwenye TownAce. Wenye magari haya wanajua hizi injini ni ndugu: mwendo wa pistoni ni milimita 73 kwa zote mbili, ila upana wa silinda ndio umetoka 75 ukawa 80.5, ndipo ikafika cc 1486. Giaboksi ni ile ile.

5K yenyewe ilikuwa imetumika, kwa hivyo tulipatana na gereji moja ya Changamwe, Mombasa: silinda zichongwe zipanuke milimita 0.50, pistoni na ringi za saizi hiyo, kranki isagwe, bearingi mpya. Shilingi 68,000, nikatoa zote. Kila nikienda naambiwa, "Bosi, bloku iko kwa mchongaji, pitia Alhamisi." Alhamisi nne! Ya tano nikaikuta imeshafungwa, imepakwa rangi ya buluu inang'aa.

Kilomita 600 hazijatimia, nikipanda Daraja la Nyali moshi unawafunika wenye tuktuk nyuma yangu. Nikaipeleka kwa fundi mzee Kisauni. Akapima kompresheni: silinda ya 1 na 2 zina psi 150, ya 3 na 4 zina 90. Akatia oili kidogo kwenye zile mbovu, izibe pengo la ringi, zikapanda hadi 135. Akaniambia, "Mwanangu, valvu hazina neno. Ringi hazishiki."

Tukafungua hedi. Pistoni zote nne zimeandikwa STD, yaani saizi ya kiwandani. STD, na mimi nimelipia 0.50! Ukipitisha ukucha juu ya silinda unakwama kwenye ukingo wa zamani. Bloku ile haikwenda kwa mchongaji yeyote. Walitia ringi mpya kwenye silinda zilizolika, basi.

Na kwenye rejeta walijaza maji ya kisima. Mtu wa Mombasa, anayejua visima vyetu vilivyo na chumvi, anayatia kwenye injini yenye hedi ya alumini na bloku ya chuma! Njia za maji zimeota unga mweupe, na hedi imeanza kulika karibu na silinda ya 3.

Nilipowarudia nikajibiwa eti gari kuukuu ndivyo lilivyo. Wallahi nilitetemeka.

Lakini kinachoniuma hasa ni 4K ya baba. Niliwaambia waiweke, haiuzwi. Haipo. Mmoja anasema imekwenda skrepu, mwingine anasema kuna mtu aliichukua. Namba yake ndiyo iliyo kwenye logibuku, na kuibadilisha NTSA, mamlaka inayosajili magari, ni ukaguzi na karatasi za injini mpya, na risiti ya 5K walibaki nayo wao "wakachukulie pistoni".

Nazitaka pesa zangu, lakini injini naitaka kwanza. Kama kuna aliyenunua 4K pande za Changamwe au Magongo miezi hii miwili, aangalie kifuniko cha valvu: upande wa nyuma kina bonyeo, baba aliangushia spana. Aniandikie. Nitamrudishia bei aliyotoa na sitamuuliza kitu.