Mbwa ananguruma akila, na nyumbani kila mtu ana neno lake

mzeewa_Muyeye
Hamjambo jamani. Niko Malindi huku Muyeye, nina mbwa dume wa miezi saba hivi, nilipewa na Mtaliano mmoja nilokuwa namlindia nyumba, alipokuwa anarudi kwao akanambia we chukua tu. Jina lake Simba. Mbwa mzuri, usiku halali, lakini kuna mambo mawili yananitoa jasho.

La kwanza ni maneno. Mimi nikitaka akae namwambia siti, mama watoto anasema keti, watoto wanasema kaa, na yule Mtaliano alikuwa anamwambia seduto. Nikitaka abaki pale alipo asitoke getini namwambia simama, yeye ndo kwanza anakuja mbio kwangu mkia juu. Sijui ni kiburi ama ni uziwi.

La pili ndo kubwa. Akiwa kwa karai lake mtu akipita anatoa ile ngrrrr ya chini chini. Jirani akanambia mtie adabu mapema, basi kila akinguruma nikawa nampiga ndara. Ikafanya kazi kweli, wiki mbili kimya. Sasa Alhamisi kijana wangu wa miaka minne kapita karibu na karai, mbwa hakutoa sauti hata kidogo, tukashtukia mtoto kashadakwa shati. Ngozi haikuguswa, Mungu mkubwa, lakini shati limetoboka na mamake ashasema nichague, ni yeye ama mbwa. Nifanyeje?

pwani_ngumu
Hapo ulipiga ndara ya mapenzi. Mtie fimbo moja ya maana utaona kama atarudia. Ama mfunge mchana kutwa umfungulie usiku kama watu wote wanavyofanya.

mama_wa_Ngala
@pwani_ngumu fimbo zako ndo zinatuletea mbwa wa kuuma watoto, samahani lakini lazima niseme.

Mzee wa Muyeye sikiza. Ile ngrrrr ni kama honi ya tuktuk. Ukikata waya wa honi tuktuk haijaacha kugonga watu, inagonga bila kupiga honi tu. Simba alikuwa anakwambia jamani sogeeni nakula, akapigwa kwa kusema, basi kaacha kusema. Hofu yake ya kunyang'anywa chakula iko pale pale na sasa imeongezeka na hofu ya ndara. Kwa hivyo akianza tena kunguruma (na ataanza ukiacha kumpiga) wewe furahi, rudi nyuma, usimkasirikie.

Kitu cha kwanza leo leo, mtoto wa miaka minne asiwe karibu na mbwa anayekula, kabisa. Mpe chakula nyuma ya nyumba mlango umefungwa. Mtoto wa umri huo uso wake uko sawa sawa na mdomo wa mbwa, huwezi kucheza na hilo.

Halafu wewe mwenyewe mtu mzima uanze kazi. Mwekee sima yake kavu kavu kwa karai, wewe simama mbali, hatua sita hivi, pale ambapo hangurumi wala hagandi mwili. Mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko kilichoko kwa karai, maini au samaki asiye na miba, halafu ondoka zako. Ng'onda pia anapenda ila roweka chumvi itoke. Fanya hivo kila siku, ukiona anakutazama kwa hamu badala ya kuinamia karai, punguza hatua moja. Akiganda umekimbilia sana, rudi nyuma. Itachukua wiki kadhaa, si siku mbili. Anachotakiwa kujifunza ni kwamba mtu akija chakula kinaongezeka, hakipungui. Na tafadhali ule mchezo wa kutia mkono kwa karai ati azoee, acha. Hata wewe ukiwa unakula wali wako mtu akitia mkono kila saa utanguruma.

Mwisho, mwangalie masikio na meno. Kwa joto letu hili kupe wanajificha ndani ya sikio mpaka mbwa hataki kuguswa kichwa. Na ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Yafaa apate kuanzia miezi mitatu, halafu irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokwambia, kawaida ni kila mwaka. Na siku yoyote ngozi ikipasuka, hata mkwaruzo, oshea maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu mbio hospitali, usingoje kesho, usipake kahawa wala mafuta.

fundi_bustani
Mama wa Ngala kamaliza kwa kunguruma, mie nitie la maneno manake nimecheka peke yangu hapa kazini. Mzee, mbwa wako si kiziwi. Jina lake SIMBA, unamwambia SIMAma, na chakula chake mnaita SIMA! Yeye akisikia sim tu anajua ameitwa ama anaenda kupewa kula, kwa nini asije mbio?

Jina libaki, badilisha amri. Badala ya simama tumia ngoja. Na kaa pia mie siipendi, kutwa nzima nyumbani watu wanaambiana kaa hapa, kaa kando, watoto wanaitana kaka, mbwa anaisikia mara mia bila kuambiwa yeye mpaka inakuwa kelele tu. Ndo maana nyumba nilizofanya kazi kule Casuarina mbwa wa Wataliano walikuwa wanasikia haraka, si akili ya kizungu, ni vile seduto hakuna mtu mwengine anayelisema pale uani. Kama analijua tayari endelea nalo, na nyote mtumie hilo hilo mpaka bibi na watoto. Liseme mara moja, na ishara ya mkono ile ile, akikaa mpe kitu hapo hapo. Ukisema seduto seduto seduto anajifunza kwamba kazi inaanza ya tatu.

La muhimu lengine, mfunze asirukie watu. Jirani zangu wengi hapa wanapita kwenda msikitini, mbwa akiwaramba ni kuosha mara saba, moja yake kwa mchanga, utagombana na mtaa mzima bure.

mzeewa_Muyeye
Asanteni sana. Sikio la kushoto nimetoa kupe wanne wakubwa, mmoja ndani kabisa, kumbe ndo maana alikuwa hataki kushikwa upande ule. Chanjo naenda Jumatatu. Mama watoto ametupa mwezi mmoja.

Maneno tumeandika kwa mkaa ukutani jikoni: seduto, njoo, ngoja, wacha, na shuka ya kumtoa kwa viti. Iko sawa?

fundi_bustani
Shuka itoe haraka. Mtaa mzima wakimchochea mbwa wanasema SHIKA! Badala yake andika CHINI.

mzeewa_Muyeye
Yesu. Nafuta sasa hivi.