IST inabugia wese, oksijeni sensa imebadilishwa na hali ni ile ile, naombeni ushauri (niko Tanga)

binti_sahare
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechoka kwa kweli. Nina Toyota IST ya cc 1490 na kitu, nakaa Sahare, kila siku kasoro Jumapili naenda Muheza kazini na kurudi. Zamani nikijaza wese nasahau kabisa, siku hizi kila nikigeuka niko sheli. Nimepima mwenyewe, nilijaza mpaka bomba likajikata, nikatembea kilomita 227, nikarudi pampu ile ile zikaingia lita 27. Yaani kilomita 8 na kitu kwa lita, tena lami tupu! Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Asubuhi nikiwasha sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda, hilo najua ni kawaida, ila hata nikifika Muheza bado inaunguruma kama nimeiwasha sasa hivi, na nikiingiza kidole kwenye ekzosi kinatoka na masizi meusi tii.

Fundi alianza na plagi, tukabadilisha zote nne. Wiki iliyopita akasema oksijeni sensa, ile ya kwenye ekzosi, akanipatia ya mtumba laki na ishirini, hakuna kilichobadilika. Sasa anataka tuhamie sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Sina hela ya kubahatisha tena jamani.

dereva_wa_segera
Pole dada. Umeangalia upepo wa tairi na breki? Mimi nilihangaika miezi kumbe breki ya nyuma kushoto inashika. Ukitoka safari sogeza mkono karibu na rimu, usishike, ile yenye moto kuliko wenzake ndo mchawi wako.

binti_sahare
Nimefanya leo kaka, zote sawa, na upepo nilijaza juzi.

babu_chumbageni
Mwambie fundi aitoe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, joto letu la Tanga hilo dude halina kazi. Itakuwa nyepesi.

fundi_umeme_ngamiani
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo naomba nikukatalie. Injini bila themostati inachelewa kupata moto au haipati kabisa, na kompyuta ikiona injini ya baridi inaongeza mafuta. Nimepokea gari nyingi zimetolewa themostati mahali fulani halafu mwenye gari anakuja kulia wese. Joto la nje haliwezi kufanya kazi ya themostati.

Dada, mimi maelezo yako yananipeleka kwenye sensa ya joto la maji, usiguse sensa ya hewa kwanza. Sailensa kukaa juu mpaka Muheza maana yake gari inaamini bado ni asubuhi. Sasa usinunue kitu, tafuta skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata ile ndogo ya bluetuthi inayosoma kwenye simu, ichomeke chini ya usukani. Taa kutowaka isikudanganye, taa inawaka pale namba ikivuka mpaka au waya ukikatika, lakini sensa ikisema maji yana digrii 60 kompyuta inaona hiyo ni namba halali tu, inaipokea na kumwaga mafuta kulingana nayo.

Fanya hivi. Gari ilale usiku mzima, asubuhi washa swichi tu bila kupiga stata, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Injini imelala, kwa hiyo namba mbili hizo zinatakiwa zikaribiane sana. Halafu endesha nusu saa usome tena joto la maji, linatakiwa liwe 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Na ukiwasha ya baridi, dakika za mwanzo rejeta ibaki baridi kwa chini, baadae ndo ipate moto, hapo utajua themostati inafunga. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto tafadhali.

binti_sahare
Nimeazima skana kwa jirani. Asubuhi hewa 27, maji 23. Nimefika Pongwe 59, Muheza 61, haipandi tena. Rejeta imekaa baridi kwanza halafu ikapata moto kama ulivyosema.

fundi_umeme_ngamiani
Basi themostati yako nzima, injini inapata moto ila taarifa ndo inapotoshwa njiani. Hiyo sensa inafanya kazi kwa ukinzani, yaani inavyozuia umeme kupita, maji yakiwa baridi ukinzani mkubwa, yakipata moto unashuka. Kwenye digrii 20 inasoma kilo-omu (kipimo cha ukinzani) 2 hadi 3, kwenye 80 inabaki 0.2 hadi 0.4 tu. Sasa kukiwa na kutu kwenye soketi inaongeza kaukinzani kake kadogo, asubuhi utaona tofauti ya digrii 4 unapuuza, ila injini ikiwa ya moto kale kale kadogo kanakuwa kakubwa kuliko sensa yenyewe, ndo maana 85 inasomeka 61. Chomoa soketi ya sensa ya maji, angalia ndani. Sahare ni baharini pale, chumvi haina huruma.

binti_sahare
Jamani!! Nimeichomoa, pini moja imejaa unga wa kijani kama shilingi ya zamani, nyingine imekonda imebaki kama sindano. Nakumbuka niliwahi kuosha injini kwa presha mwaka jana.

fundi_umeme_ngamiani
Pini iliyokonda usiisugue, shida itarudi tu. Weka soketi nyingine yenye vipande vya waya, iungwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, sensa yenyewe ipimwe kwa mita kwanza.

binti_sahare
Mrejesho wakuu. Soketi imewekwa, sensa imepimwa iko sawa. Muheza sasa inasoma 86 na sailensa imetulia mpaka nilidhani imezima. Nimejaza tena pampu ile ile, kilomita 239 kwa lita 18. Fundi Mungu akubariki sana. Swali la mwisho, ile oksijeni sensa yangu ya zamani ipo ndani nimeifunga kwenye gazeti, niirudishe au nibaki na hii ya mtumba?

fundi_umeme_ngamiani
Amina. Irudishe, halafu injini ikiwa ya moto angalia kwenye skana, ikiwa inacheza harakaharaka kati ya volti 0.1 na 0.9 ni nzima. Ya mtumba mpelekee aliyekuuzia.